Konsonanti Zilizopotea katika Usemi wa Kiingereza

I

Zamani nilipokuwa nikifundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari, nilikuwa na desturi ya kuwapa wanafunzi imla kutoka katika kinasa sauti. Sauti iliyonaswa ilikuwa ya Mwingereza mwenye elimu, aliyesema kwa utulivu wala hakuwa na haraka. Siku moja kijana mmoja, ambaye hakuwa mzembe hata kidogo, aliandika "he pass me the book" mahali palipostahili "he passed me the book". Nikapiga mstari mwekundu, nikampunguzia alama. Kijana akaja mezani kwa adabu, akasema, "Niwie radhi, mwalimu, lakini mimi hiyo t sikuisikia." Nikamjibu kwamba neno linajulikana lilivyo, na kama hakuisikia t, basi hakusikiliza. Jioni, nikiwa peke yangu, niliurudia utepe ule mara tano. Ile t haikuwamo.

Kisa hiki kidogo ndicho asili ya makala haya. Nilitaka kujua kama yule msemaji aliyenaswa alikuwa mvivu wa ulimi, kama wengi wetu tulivyofundishwa kuamini, au kama kulikuwa na kanuni aliyoifuata bila yeye mwenyewe kuijua. Nilipoanza kutafuta jibu, niliona kwamba haliwezi kupatikana katika usemi wa leo peke yake. Hapana budi kurudi nyuma kwa muda wa miaka elfu, kwa maana konsonanti za Kiingereza zimekuwa zikipotea tangu zamani sana, na hizi zinazodondoka leo katika usemi mfululizo ni wadogo wa zile zilizokwisha kufa. Tena niliona, jambo ambalo sikulitazamia, kwamba Kiswahili chenyewe kinaweza kutoa ushahidi katika shauri hili, na ushahidi huo si dhaifu.

II

Kwanza yafaa tutenge herufi na sauti. Mtu aliyejifunza Kiingereza kwa njia ya kitabu huona herufi nyingi zisizotamkwa, akadhani zote zina historia moja. Sivyo. Herufi hizi bubu ni za namna mbili zilizo mbali kabisa.

Namna ya kwanza ni zile zilizotamkwa kweli zamani, kama k ya "knife" na l ya "walk". Hizi ni makaburi: chini yake pamezikwa sauti iliyoishi. Namna ya pili ni zile ambazo hazikutamkwa na Mwingereza yeyote wakati wowote, bali ziliingizwa na wanachuoni. Neno "debt" lilitoka katika Kifaransa bila b, na kwa muda mrefu Waingereza waliliandika bila b. Baadaye watu waliojua Kilatini wakakumbuka neno "debitum", wakaipachika b ili neno lionekane na nasaba njema. Ndivyo ilivyokuwa kwa "doubt", na kwa p ya "receipt". Neno "island" halikuwa na s katika Kiingereza cha kale. S ilitiwa kwa sababu watu walilidhania ndugu wa "isle", lililokuja kwa njia ya Kifaransa kutoka Kilatini. Hata b ya "thumb" haimo katika neno la asili. Makaburi haya ya pili ni matupu, na anayechimba humo kutafuta sauti hatapata kitu.

Zaidi ya hizo mbili kuna jambo la tatu, nalo ndilo lililomsumbua mwanafunzi wangu: konsonanti ambazo zingali hai neno likisimama peke yake, lakini hutoweka neno hilo likiambatana na jingine. Mwingereza akiulizwa alitamke neno "last", ataitoa t yake wazi. Akisema "last night", mara nyingi t haisikiki. Hapa hakuna herufi bubu kwa maana ya kawaida. Sauti yenyewe huja na kuondoka.

III

Huenda msomaji akauliza: twajuaje jinsi watu walivyotamka maneno kabla ya kuwako chombo chochote cha kunasa sauti? Jawabu ni kwamba ushahidi uko wa aina nyingi, na nguvu yake ni katika kukubaliana.

Kwanza ni uendelezaji wenyewe. William Caxton alianzisha kiwanda chake cha kupiga chapa huko Westminster mwaka 1476. Wapigachapa waliomfuata walizidi kuyakaza maandishi, hata ilipotoka kamusi ya Samuel Johnson mwaka 1755 umbo la maneno mengi lilikuwa limekwisha thibitika. Lakini ulimi haukungoja. Kwa hiyo maandishi ya Kiingereza yanatuonyesha, kwa sehemu kubwa, matamshi ya mwisho wa Zama za Kati, kama picha ya mzee ilivyomwonyesha alipokuwa kijana.

Pili ni maandishi ya watu wasiokuwa na elimu nyingi, walioandika kwa sikio. Barua za ukoo wa Paston wa Norfolk, za karne ya 15, ni hazina ya namna hii. Mwaka 1920 Henry Cecil Wyld alitoa kitabu kikubwa juu ya historia ya Kiingereza cha mazungumzo, akaonyesha jinsi makosa ya waandishi wa barua yanavyotufunulia usemi wao. Kosa la mwandishi ni shahidi mwaminifu kuliko usahihi wake, kwa sababu anayeandika sawasawa huenda anafuata kitabu, na anayekosea hufuata sikio.

Tatu ni makosa ya kinyume, yaani mtu kuandika herufi mahali ambapo haikuwako kamwe. Neno "delight" liliingia kutoka Kifaransa bila gh yoyote. Katika karne ya 16 watu walianza kuliandika kwa gh, kwa kulifananisha na "light". Jambo hilo lisingewezekana kama gh ya "light" ingalikuwa ikisikika katika vinywa vya wote. Nne ni vina vya washairi. Tano ni lugha za jamaa: Mjerumani hata leo husema "Knie" kwa k, na Mskoti wa lahaja ya kale husema "nicht" kwa sauti iliyo karibu na kh yetu ya "kheri". Sita ni wataalamu wa matamshi, ambao Uingereza ilikuwa nao mapema: John Hart aliyeandika juu ya uendelezaji mwaka 1569, Alexander Gil, mkuu wa shule ya St. Paul's katika London, mwaka 1619. John Wallis mwaka 1653. Christopher Cooper mwaka 1687. Na John Walker, ambaye kamusi yake ya matamshi ilitoka mwaka 1791.

IV

Sasa tuzitazame sauti zenyewe kwa kadiri ya mpango wa kupotea kwake.

Za kwanza kuondoka zilikuwa h zilizotangulia konsonanti nyingine. Katika Kiingereza cha kale mkate uliitwa "hlaf", pete "hring", na kokwa "hnutu". Kabla ya mwisho wa Zama za Kati h hizo zilikuwa zimekwisha, yakabaki "loaf", "ring" na "nut". Hakuna Mwingereza wa leo anayeona haya kusema "ring" bila h, wala wengi hawajui kwamba ilikuwako.

Ikafuata sauti ya gh katika "night", "light" na "daughter". Wakati wa Chaucer, aliyekufa mwaka 1400, neno "knight" lilikuwa na k, na n, na ile kh nyembamba, na t: konsonanti nne zote zikisikika. Hata mwaka 1619 Gil alikuwa bado akiiandika sauti ya gh katika matamshi aliyoyaona kuwa ya heshima, ingawa wenziwe wengi walikuwa wamekwisha kuiacha. Katika maneno machache, kama "laugh" na "enough", sauti hiyo haikufa, bali iligeuka f. Katika mengine ilitoweka.

B ya mwisho baada ya m, kama katika "lamb" na "climb", nayo ilinyamaza. G ya "sing" ilinyamaza katika usemi wa London karibu na mwaka 1600, ikabaki ile sauti tunayoiandika ng' katika "ng'ombe". Lakini haikunyamaza kila mahali: katika miji ya Birmingham, Manchester na Liverpool wako watu wanaoitamka mpaka leo, kama sisi tunavyoitamka g ya "nguo". Twaona hapa jambo la maana: sauti haifi nchini mwote siku moja.

L iliyotangulia k, f na m ilimezwa na irabu iliyo mbele yake, tukapata "walk", "talk", "half" na "calm" za leo. K ya "knee" na "know", na g ya "gnaw", ziliishi hadi karne ya 17, na zilipofika mwisho wake zilikuwa zimeondoka katika Kiingereza cha kusini. W ya "write" na "wrong" ilikwenda katika zama hizo hizo.

T iliyobanwa kati ya konsonanti mbili iliachwa katika "castle", "listen", "fasten", "chestnut" na "Christmas", na baada ya f katika "often" na "soften". D iliachwa vivyo hivyo katika "handsome" na "Wednesday". Naomba msomaji ayaweke maneno haya akilini, kwa kuwa tutayarejea.

Mwisho ilikuja r. Katika sarufi ya Ben Jonson, iliyopigwa chapa mwaka 1640 baada ya kufa kwake, twasoma kwamba r hutamkwa kwa nguvu mwanzoni mwa neno, na kwa ulaini zaidi katikati na mwishoni. Huo ulaini ulikuwa dalili ya ugonjwa. Mwaka 1791 Walker aliandika kwamba katika London r ya maneno kama "bard" na "card" imefifia hata karibu haisikiki ila a ndefu. Katika karne ya 19 usemi wa kusini mwa Uingereza ulikuwa umeiacha kabisa r isiyofuatwa na irabu. Uskoti, Ailandi na sehemu kubwa ya Marekani zilibaki nayo.

V

Haya yote hayakupita bila ya malalamiko. Katika mchezo wa Shakespeare uitwao Love's Labour's Lost, uliopigwa chapa mwaka 1598, yumo mwalimu wa shule jina lake Holofernes. Mwalimu huyu anawachukia watu wasioitamka b ya "debt" na wanaoiacha l ya "half" na "calf". Mtungaji anamfanyia mzaha, na mzaha huo una mafunzo kwetu. Kuhusu l, Holofernes alikuwa akililia sauti iliyokuwa ikifa kweli katika zama zake. Kuhusu b, alikuwa akidai sauti ambayo haijapata kuwako. Kwa macho yake yote mawili yalikuwa kosa moja, kwa sababu kipimo chake kilikuwa karatasi. Sikuweza kuisoma sehemu hiyo bila ya kuikumbuka kalamu yangu nyekundu.

Mwaka 1712 Jonathan Swift alitoa shauri la kuitengeneza lugha ya Kiingereza na kuithibitisha isibadilike tena. Alichukizwa hasa na ufupishaji wa maneno. Katika karne ya 19 vita vilihamia kwenye h. Walker alikuwa amekwisha waonya watu wa London wanaoiacha h mahali pake, na mwaka 1854 kilitoka kijitabu kizima juu ya herufi hii, kilichoitwa Poor Letter H. Mtu aliweza kuwa na mali na nyumba nzuri, lakini akiiacha h ya "house" alihesabiwa kuwa mtu wa chini. Bernard Shaw aliligeuza jambo hili kuwa mchezo katika Pygmalion, ulioonyeshwa London kwa mara ya kwanza mwaka 1914.

Ajabu ni hii: wale wale waliomcheka mtu asiyetamka h ya "house" hawakuitamka wao wenyewe h ya "him" katika "tell him", wala ya "have" katika usemi wa haraka, wala hawakuwa na habari kwamba "it" lilikuwa "hit" zamani. Hawakuitamka k ya "know" pia, wala r ya "card". Basi si kweli kwamba kudondosha konsonanti kulikuwa aibu. Aibu ilikuwa kudondosha ile ambayo wakubwa walikuwa hawajaidondosha bado. Hata "huntin'" na "shootin'", ambayo mwalimu wa leo angeyasahihisha, yalikuwa matamshi ya mabwana wenye mashamba makubwa.

Jambo hili halikukoma. Mwaka 1962 William Labov alikwenda katika maduka matatu makubwa ya New York, mji ambao wenyeji wake walikuwa wameiacha r kama watu wa London. Aliwauliza wauzaji mahali pa bidhaa ambayo alijua iko ghorofa ya nne, ili wamjibu "fourth floor". Katika duka la matajiri, Saks, waliotamka r yote au baadhi yake walikuwa asilimia 62. Katika Macy's, duka la watu wa kati, asilimia 51. Na katika S. Klein, duka la watu wa hali ya chini, asilimia 20. Katika London heshima ilikuwa kuiacha r. Katika New York ya wakati ule heshima ilikuwa kuirudisha. Sauti ni ile ile. Kilichobadilika ni wale wanaoigwa.

VI

Wa kwanza kuutazama usemi mfululizo kwa jicho la elimu, bila ya kuulaumu, walikuwa wataalamu wa fonetiki wa zamani za Malkia Victoria na baada yake. Henry Sweet aliandika kitabu cha fonetiki mwaka 1877, na mwaka 1890 akatoa kitabu cha kufundisha Kiingereza kama kinavyosemwa. Daniel Jones wa University College, London, alitoa kamusi yake ya matamshi mwaka 1917, na A. C. Gimson, aliyemfuata, aliandika juu ya matamshi ya Kiingereza mwaka 1962. Kazi yao ilidhihirisha kwamba kudondoka kwa t na d kuna sheria.

Sheria hiyo, kwa kifupi, ni hii. T hudondoka ikiwa imetanguliwa na sauti isiyotikisa koo, hasa s au f, na ikifuatwa na konsonanti katika neno linalofuata: "next day", "first thing", "last week", "left behind". D hudondoka ikiwa imetanguliwa na sauti inayotikisa koo, kama n au l, na ikifuatwa na konsonanti vile vile: "stand back", "old man". Lakini ikifuata irabu, sauti hukaa mahali pake: katika "last of all" t yasikika. Tena t iliyotanguliwa na n au l, kama katika "sent back" na "felt bad", haidondoshwi kwa kawaida namna hii. Ulimi wa mvivu ungalidondosha popote. Ulimi huu hudondosha hapa na kuhifadhi pale, na wenye kusema hivyo hawajapata kufundishwa kanuni yoyote.

Wachunguzi wa Marekani, tangu miaka ya 1960, wameongeza jambo jingine. T na d zilizo sehemu ya shina la neno hudondoka mara nyingi zaidi kuliko zile zinazoonyesha wakati uliopita. T ya "mist" ni nyepesi kuondoka kuliko ile ya "missed", ingawa kwa sikio maneno ni mamoja. Yaani ulimi huichunga maana hata katika haraka yake. Na hata ile t ya wakati uliopita ikiondoka, maana haipotei daima. Katika "he pass me the book" msikilizaji mzoefu anajua kwamba wakati uliopo ungedai "passes". Kwa kuwa s ya wakati uliopo haikuja, t ya wakati uliopita inaeleweka ingawa haikutamkwa.

Sasa turejee kwenye yale maneno niliyomwomba msomaji ayaweke akilini. Katika "Christmas" t imetanguliwa na s na kufuatwa na m. Katika "passed me" t imetanguliwa na s na kufuatwa na m. Sheria ni moja. Tofauti ni kwamba katika "Christmas" sauti zile tatu zimo ndani ya neno moja, hazitengani kamwe, kwa hiyo t ilikufa moja kwa moja. Katika "passed me" maneno ni mawili, na "passed" kesho laweza kufuatwa na irabu, kwa hiyo t hufa na kufufuka. Kile kilichotukia katika karne ya 17 ndani ya neno kinatukia leo kila siku kati ya maneno.

VII

Nilisema kwamba Kiswahili ni shahidi. Maneno mengi ya Kiingereza yaliingia katika lugha yetu kwa njia ya sikio, kwa mabaharia, askari, makarani, wapishi na mafundi, kabla hayajaingia kwa njia ya kitabu. Yatupasa kutahadhari hapa, kwa sababu ulimi wa Mswahili una desturi zake. Haupendi rundo la konsonanti, na neno likipungua konsonanti yawezekana kwamba sisi ndio tuliopunguza. K iliyo katika "picture" haimo katika "picha", lakini sithubutu kumbebesha Mwingereza lawama hiyo, maana kch ni nzito kwetu.

Lakini tazama "shati". Katika maandishi ya Kiingereza neno lina r. Je, sisi ndio tuliyoiondoa? Kiswahili kina neno "sharti", lenye asili ya Kiarabu, na hakuna anayeshindwa kulitamka. Kama r ingesikika katika kinywa cha Mwingereza, hakuna kilichotuzuia kusema "sharti" au "sharati". Haikusikika. Ndivyo ilivyo kwa "kadi", "sketi", "fomu", "nesi", "baa", "bia", "namba" na "motokaa". Neno "kadi" lathibitisha kwa kinywa cha mtu wa Pwani yale yale aliyoyaandika Walker mwaka 1791 juu ya "card". Kama tungaliletewa maneno haya na Waskoti peke yao, bila shaka yangalikuja na r zake.

Tazama pia "kabati". Mwingereza huandika "cupboard" kwa p, na zamani lilikuwa maneno mawili kweli, kikombe na ubao. P ilikuwa imekwisha kumezwa na b, na Kiswahili hakikuipokea. "Saini" halina g ya "sign", wala "risiti" halina p ya "receipt", ile iliyopachikwa na wanachuoni. Na zaidi ya yote tazama "Krismasi". Kiswahili kina "Kristo" lenye t iliyo wazi baada ya s. Ulimi uliosema "Kristo" usingeshindwa kusema "Kristimasi". T haikuwako ya kusikika. Waliolipokea neno hilo kwa mara ya kwanza walisikia barabara.

Kiswahili kina ushahidi wa pili, nao ni wa tabia yake chenyewe. Sisi pia tulipoteza konsonanti. Mahali ambapo Mnyanja husema "mvula" na "njala", sisi twasema "mvua" na "njaa": l iliyokuwa kati ya irabu imetoka. Lakini haikutoka bila kurudi. Twasema "fungua", na l haimo. Twasema "fungulia", na l imerejea. Ndivyo "nunua" na "nunulia", "zaa" na "zalia", "kaa" na "kalia". Basi r ya Mwingereza ni ndugu wa l yetu. Akisema "far" peke yake, r haimo. Akisema "far away", r imerejea, kwa sababu irabu imeifuata.

Na mfano unakwenda mbali zaidi. Waingereza wengi wakisema "law and order" huingiza r baada ya "law", mahali ambapo haijapata kuwako. Wamezoea kuona r ikirejea baada ya irabu kama ile, wakaijalia na neno lisilo nayo. Walimu hulaumu sana jambo hili. Lakini sisi twasemaje? Kitenzi "sahau" kimetoka katika Kiarabu, na shina lake halina l. Hata hivyo twasema "siku isiyosahaulika", na l imo. Twaliongeza neno geni katika jamii ya "fungua" na "fungulika", tukalipa l ambayo haikuwa yake. Sijapata kumsikia mwalimu wa Kiswahili akiliita "sahaulika" upotovu wa lugha.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta usemi mfululizo kwetu. "Mwana wangu" limekuwa "mwanangu", na w imedondoka. "Baba yako" limekuwa "babako", na silabi nzima imetoka. Maneno haya yako katika mashairi, katika hotuba na katika sarufi, nayo yahesabiwa kuwa fasaha. Hatumwambii mama anayemwita mtoto wake "mwanangu" kwamba ni mvivu wa kusema.

VIII

Katika historia hii yatokea mambo matatu yanayostahili kufikiriwa na wanaofundisha na wanaochunguza lugha.

La kwanza ni kwamba kudondosha konsonanti si kuharibika kwa Kiingereza. Ni kazi ya sheria zilizo za kale kuliko kitabu chochote kilichopigwa chapa katika lugha hiyo. Wanaolia kwamba lugha inakufa walilia vile vile mwaka 1598 na mwaka 1712, nayo ingali hai.

La pili ni kwamba hukumu ya jamii juu ya sauti si hukumu ya elimu. Mwanafunzi anayetaka kazi atahitaji kuijua hukumu hiyo, maana ulimwengu humpima mtu kwa usemi wake. Lakini mwalimu asimfundishe kuwa ni hukumu ya akili au ya tabia.

La tatu lahusu madarasa yetu. Mwanafunzi wa Kiswahili hujifunza Kiingereza kwa macho kwanza, na lugha yake mwenyewe imemzoeza kuamini kwamba kila kilichoandikwa hutamkwa. Akikutana na Mwingereza uso kwa uso, au akisikiliza redio, hujiona hajui kitu, ingawa amesoma miaka kumi. Hajasoma vibaya. Amefundishwa nusu ya lugha. Yafaa afundishwe tangu mapema kwamba kuna Kiingereza cha jicho na Kiingereza cha sikio, kwamba njia kutoka kimoja hadi kingine ina kanuni, na kwamba kanuni hizo si geni kwa mtu ajuaye "fungua" na "fungulia". Asilazimishwe kudondosha, akitamka kila t atafahamika. Lakini afundishwe kusikia.

Yule kijana alikuwa amesikia. Katika maandishi alikosa, na kosa hilo lilistahili kusahihishwa, kwa sababu uendelezaji nao una kanuni zake. Lakini nilipomwambia kwamba hakusikiliza, nilisema uongo. Siku ya pili nilimwita, nikamrudishia nusu ya alama niliyompunguzia, nikamweleza sababu kwa kadiri nilivyoijua wakati ule, ambayo ilikuwa kidogo. Akaniuliza, "Basi, mwalimu, Waingereza wenyewe hujuaje kwamba ni zamani?" Swali hilo nimelijibu katika kurasa hizi.